Fahali wa Malinya na gemu za simu: raha ni raha, hesabu ni hesabu

Ukitaka kuelewa gemu za blokicheni, huhitaji kuanza na kompyuta. Anza na Malinya.

Malinya iko Ikolomani, kusini mwa mji wa Kakamega, na kwa Waisukha na Waidakho jina hilo linaenda sambamba na vita vya fahali. Siku ya mchezo watu hurauka mapema. Ngoma za isukuti husikika kabla hujaona uwanja, filimbi zinalia, vijana wanakimbia mbele na nyuma ya fahali wao wakiimba sifa zake. Hapa hakuna mtu mwenye upanga na kitambaa chekundu kama Uhispania. Ni fahali kwa fahali, pembe kwa pembe. Anayegeuka na kukimbia ndiye aliyeshindwa, basi. Seneta Bonny Khalwale, mwenyeji wa huku, amejulikana nchi nzima kwa jina la Bullfighter kwa sababu ya mapenzi yake kwa mchezo huu.

Sasa swali la pesa. Mwenye fahali amemlisha mnyama wake miaka, amemlipa mtunzaji, ameita daktari wa mifugo, amelala macho akihofia wezi. Akishinda anapata nini? Anapata jina. Anapata heshima ya kijiji na hadithi ya kusimulia mwaka mzima. Pesa zikija, ni nyongeza. Ukimwambia mwenye fahali ahesabu gharama zote na mapato yote kama duka, huenda akaacha kufuga kesho. Lakini haachi, kwa sababu raha yenyewe ndiyo malipo yake ya kwanza.

Pembeni ya uwanja kuna hesabu nyingine kabisa. Mama wa chai na mandazi anauza. Mtu wa boda boda anabeba watu kutoka Kakamega tao na kuwarudisha. Mwenye miwa na njugu anamaliza gunia. Hao hawakuja kushabikia, wamekuja kazini, na wanarudi nyumbani na kitu.

Kwa hiyo Malinya tayari inajua jambo ambalo vijana wengi wenye simu wanalijua wakiwa wamechelewa: kuna mtu anayekuja uwanjani kwa raha, kuna anayekuja kwa kazi, na kuna anayepoteza kwa sababu hajui alikuja kwa lipi.

Tunaandika haya kwa sababu maswali kuhusu gemu zinazolipa hayaishi. Je, zinalipa kweli? Nikinunua tokeni, pesa yangu inaenda wapi? Nikitaka kuirudisha kwa simu, nifanyeje? Tutajibu kwa mifano iliyotokea, si kwa matangazo.

Gemu ya blokicheni ni nini?

Fikiria daftari la chama. Kwa kawaida mweka hazina analo moja, na mkigombana, neno lake ndilo linaloaminiwa. Sasa fikiria kila mwanachama ana nakala ya daftari hilo, na hakuna mtu anayeweza kufuta mstari bila wengine kuona. Hiyo ndiyo blokicheni kwa kifupi: daftari la pamoja linalotunzwa na kompyuta nyingi.

Kwenye gemu ya kawaida, silaha au mchezaji uliyemnunua anakaa kwenye seva ya kampuni. Kwenye gemu ya blokicheni, kitu hicho kimeandikwa kwenye daftari la pamoja kwa jina la pochi yako ya kidijitali. Unaweza kukiuza kwa mtu mwingine. Na zawadi unazopata ni tokeni, yaani sarafu ambazo zina bei sokoni. Bei hiyo hupanda, hushuka, na wakati mwingine hufa.

Angalia hapo neno soko. Tokeni haina thamani kwa sababu gemu imesema ina thamani. Ina thamani kwa sababu kuna mtu mwingine yuko tayari kuinunua leo. Siku mnunuzi akikosekana, unabaki na namba kwenye kioo.

Axie: fahali aliyelisha wengi, kisha akageuka

Mfano mkubwa kuliko yote ni Axie Infinity, gemu iliyoundwa na kampuni ya Sky Mavis ya Vietnam. Unafuga viumbe vidogo vinavyoitwa Axie, unavipiganisha, ukishinda unapata tokeni iitwayo SLP. Ili kuanza, ulihitaji Axie watatu, na mwaka 2021 timu hiyo iligharimu mamia ya dola.

Wakati wa korona, Ufilipino watu wengi walikosa kazi. Wakaingia Axie. Wasiokuwa na mtaji walikopeshwa timu na wenye nazo, kisha wakagawana mapato. Mpango huo uliitwa ufadhili, lakini ukiuangalia kwa macho ya huku nyumbani ni kama kuendesha boda boda ya mtu mwingine: unapeleka hesabu ya mwenye pikipiki, kinachobaki ni chako. Kufikia mwisho wa 2021 wachezaji walizidi milioni 2 kwa siku.

Hebu tupige hesabu. Mnamo Julai 2021 SLP moja ilifika zaidi ya senti 30 za dola. Tuseme mchezaji alipata SLP 100 kwa siku. Hiyo ni zaidi ya dola 30, kwa bei ya wakati huo zaidi ya shilingi 3,000. Kwa siku moja! Nani angekataa?

Lakini katikati ya 2022 SLP moja ilikuwa imeshuka chini ya senti moja. Mchezaji yule yule, kwa saa zile zile, na SLP zile zile 100, sasa alikuwa anapata chini ya dola moja. Kidole kilichoka vilevile, lakini mshahara uliyeyuka.

Kwa nini ilianguka? SLP ilitumika zaidi kuzalisha Axie wapya, na Axie wapya walihitajika tu kama kuna wachezaji wapya wa kuwanunua. Wachezaji wapya walipoingia kwa wingi, kila mtu alifurahi. Walipopungua, SLP zikaendelea kumwagika kila siku kutoka kwa mamilioni ya simu na hakuna wa kuzinunua. Ni kama msimu ambao kila shamba Magharibi limevuna mahindi wiki moja. Gunia halijaharibika, lakini bei haipo. Mapema 2022 wenye gemu wenyewe walilazimika kuondoa zawadi za SLP katika baadhi ya sehemu za mchezo ili kupunguza mafuriko hayo.

Halafu likaja pigo la pili. Axie ilitumia mtandao wake wa blokicheni unaoitwa Ronin. Ili kupitisha muamala, sahihi 5 kati ya 9 zilihitajika. Tarehe 23 Machi 2022, wezi walikuwa wamepata tano. Walichota mali ya zaidi ya dola milioni 600, na wenye mtandao waligundua siku sita baadaye, mteja mmoja aliposhindwa kutoa pesa zake. Mwezi uliofuata FBI ya Marekani ilisema wahusika ni kundi la Lazarus linalohusishwa na Korea Kaskazini. Daraja la kutoa na kuingiza pesa lilifunguliwa tena mwisho wa Juni 2022. Kwa miezi mitatu, mtu aliyetegemea pesa hizo kwa karo au kodi alikuwa akingoja.

Wahenga walisema fahali wawili wakipigana, ziumiazo ni nyasi. Wenye mitaji mikubwa waliingia mapema na wengi walitoka mapema. Nyasi zilikuwa wale walioingia mwisho, na waliokopa ili waingie.

Hamster: bure, lakini si bure

Baada ya hapo watu wakasema, basi tucheze zile zisizo na kiingilio. Mwaka 2024 zikaja gemu za kugonga kioo ndani ya Telegram. Notcoin ilitoa tokeni zake Mei 2024, na waliocheza mapema wakaonyesha picha za pesa. Hamster Kombat ikafuata, na hapa Kenya vidole viligonga kweli kweli. Kwenye matatu, kwenye kibanda cha kinyozi, hata kanisani nyuma kabisa. Watu waliamka usiku kukusanya zawadi zao kabla muda haujaisha.

Siku ya malipo ilikuwa 26 Septemba 2024. Tokeni ya HMSTR ilianza karibu na senti moja ya dola, kisha ikateremka. Wachezaji wengi walipata kiasi kidogo mno ukilinganisha na miezi waliyogonga, na wengine waliondolewa kwenye orodha wakiambiwa walikiuka masharti.

Hakuna aliyetoa kiingilio, ni kweli. Lakini saa zilienda, na bando pia. Na kuna kitu kingine kilichouzwa ambacho wachezaji hawakukihesabu: macho yao. Gemu hizo ziliwatuma watu kufuata kurasa, kutazama video na kujiunga na vikundi. Wenye gemu walipata hadhira kubwa mno. Ukicheza bure na hujui bidhaa ni nini, mara nyingi bidhaa ni wewe.

Piga hesabu kwa saa, si kwa mwezi

Kosa la kawaida ni kuangalia pesa iliyoingia tu. "Nimepata elfu tano!" Sawa. Lakini mkulima hahesabu magunia bila kutoa mbegu, mbolea na vibarua. Hebu tuchukue mfano wa kufikirika wa kijana anayecheza gemu ya blokicheni saa 3 kila siku, kwa siku 30. Hizo ni saa 90.

Mwisho wa mwezi ana tokeni za shilingi 5,000. Anaziuza kwenye soko la mtu kwa mtu, na mnunuzi anampa bei ya chini kidogo: toa 200. Ada ya mtandao wa blokicheni: toa 150. Ada za kupokea, kutuma na kutoa kwa ejenti: tuseme 100. Amebaki na 4,550. Bando la shilingi 50 kwa siku ni 1,500. Amebaki na 3,050. Mwanzo wa mwezi alikuwa amenunua vifaa vya kuingilia kwa 2,000. Faida yake ni 1,050.

Gawanya kwa saa 90. Ni kama shilingi 12 kwa saa.

Mwezi wa pili hana kiingilio cha kulipa, kwa hiyo anabaki na 3,050, karibu shilingi 34 kwa saa, bei ikikaa pale pale. Lakini bei ikishuka nusu, tokeni zake ni za 2,500. Toa tofauti ya bei ya 100 na ada za 250, anabaki na 2,150. Toa bando, ni 650. Hiyo ni shilingi 7 kwa saa. Na bado hatujahesabu betri ya simu, stima, na macho yanayowasha.

Hatusemi shilingi 12 kwa saa ni dhambi. Kama ni saa ambazo ungekaa tu ukitazama mpira, na gemu inakufurahisha, basi hizo 12 ni nyongeza nzuri. Lakini kama ni saa ulizoacha kibarua, duka la mzazi, shamba la mboga au kitabu, basi gemu haikulipi. Wewe ndiye unayeilipa.

Fanya hesabu hii na namba zako mwenyewe. Usitumie zetu, na usitumie za mtu wa YouTube. Yeye mara nyingi analipwa kwa kukuonyesha gemu, si kwa kuicheza.

Raha ikigeuka kazi

Upande wa pili wa mizani ni raha yenyewe, na hapa watu hawaongei sana.

Gemu nzuri inakupumzisha. Unacheka, unajifunza mbinu, unapata marafiki, unazima simu ukiwa mwepesi. Pesa ikiingia, mambo hubadilika pole pole. Unaanza kucheza hata ukiwa umechoka, kwa sababu leo hujafikisha kiwango. Unachagua njia inayolipa badala ya njia inayofurahisha. Unakasirika ukishindwa, kwa sababu umepoteza shilingi, si pointi. Mwishowe una kazi ya pili isiyo na likizo, isiyo na NSSF, na mwajiri asiyekujua.

Kuna swali moja dogo ambalo linasaidia: tokeni ikishuka hadi sufuri kesho asubuhi, je, ungefungua gemu hii jioni?

Kama jibu ni ndiyo, uko kama mwenye fahali wa Malinya. Unapenda mchezo, na pesa ni bahati. Kama jibu ni hapana, basi huchezi. Unawekeza, au unabahatisha. Na uwekezaji una maswali yake: nani anamiliki, mapato yanatoka wapi, nikitaka kutoka natokaje. Gemu ambayo kila mtu yuko pale kwa pesa tu ina udhaifu mkubwa, kwa sababu siku bei ikitikisika wote wanakimbilia mlango mmoja. Axie ilionyesha hivyo. Gemu inayopendwa kwa mchezo wake inaweza kustahimili bei mbaya, maana kuna watu watakaobaki wakicheza.

Kuna pia njia ya tatu, ambayo ni ustadi. Mkenya Sylvia Gathoni, anayejulikana kama Queen Arrow, alisajiliwa na timu ya kimataifa ya UYU kwa sababu ya uwezo wake katika gemu ya kupigana ya Tekken. Hapo pesa inatokana na mashindano, wadhamini na kipaji kilichofanyiwa mazoezi, na si bei ya tokeni. Njia hiyo ni nyembamba, na wanaofika ni wachache kama wanaofika Harambee Stars. Lakini angalau unajua unachokiuza: uwezo wako. Bei ya sarafu ikianguka, uwezo hauanguki nao.

Na usisahau mama wa chai. Karibu na kila uwanja kuna wanaopata riziki bila kupigana: anayetengeneza simu, anayeuza bando na kadi, anayefundisha wengine, anayechora, anayerekodi video, mwenye kibanda cha PlayStation anayetoza kwa mechi. Kakamega inaijua hadithi hii tangu zamani. Dhahabu ilipogunduliwa mwaka 1931, watu walimiminika huku wakitafuta utajiri wa ghafla, na mgodi wa Rosterman ulichimbwa hadi 1952. Wapo waliopata dhahabu, lakini palipo na wachimbaji wengi, muuza chakula na muuza sururu hawakosi wateja.

Sheria inasemaje?

Kwa miaka mingi Kenya haikuwa na sheria maalumu ya sarafu za kidijitali. Desemba 2015 Benki Kuu ilitoa onyo kwa umma kwamba Bitcoin na sarafu kama hizo si pesa halali na hazina ulinzi. Mwaka 2023 serikali ilianza kutoza ushuru wa asilimia 3 kwa uhamishaji wa mali za kidijitali. Mwaka 2025 ushuru huo uliondolewa, na badala yake kukawa na ushuru wa bidhaa wa asilimia 10 kwenye ada zinazotozwa na watoa huduma. Mwaka huo huo, mnamo Oktoba, Rais alitia sahihi Sheria ya Watoa Huduma za Mali za Kidijitali, inayotaka kampuni hizo ziwe na leseni chini ya Benki Kuu na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji.

Hii ina maana gani kwako? Kwanza, kabla hujatuma pesa popote, uliza kama kampuni ina leseni, na ukaangalie kwa mdhibiti mwenyewe, si kwenye picha uliyotumiwa WhatsApp. Pili, leseni inasimamia kampuni inayouza na kununua. Haikuhakikishii bei ya tokeni. Ikishuka, hakuna ofisi itakayokurudishia.

Pale pesa ya simu inapokutana na tokeni

Hapa ndipo wateja wetu wengi wanaumia, na mara nyingi si gemu iliyowaumiza bali kubadilisha tokeni kuwa shilingi. Ukiuza tokeni kwenye soko la mtu kwa mtu, mnunuzi anakutumia pesa kwa simu, kisha wewe unaachilia tokeni. Shika mambo haya:

Usiamini SMS. Matapeli hutuma ujumbe unaofanana kabisa na wa kweli. Fungua menyu au programu yako, angalia salio, ndipo uachilie tokeni. Kama salio halijasonga, pesa haijaingia, hata ujumbe ukisema nini.

Jina lifanane. Jina la aliyetuma pesa liwe lile lile la mnunuzi kwenye soko. Akikuambia "natumia laini ya kaka yangu", kataa. Huenda pesa hiyo imeibwa kwa mtu mwingine, na mwenyewe akiripoti, akaunti yako ndiyo itakayozuiwa ikichunguzwa.

Jua tofauti ya makosa. Ukituma pesa ya simu kwa nambari isiyo sahihi, piga huduma kwa wateja mara moja. Kuna utaratibu wa kuomba irudishwe, na mara nyingi husaidia kama aliyepokea hajaitoa. Ukituma tokeni kwa anwani isiyo sahihi, hakuna nambari ya kupiga. Imeenda. Tuma kiasi kidogo kwanza, hakikisha kimefika, ndipo utume kingine.

Siri zako ni mbili. PIN ya simu yako, na yale maneno 12 au 24 ya pochi ya kidijitali. Yeyote mwenye maneno hayo ndiye mwenye pochi. Hakuna mfanyakazi wa gemu, wa soko, wala wetu sisi anayepaswa kukuuliza. Yaandike kwenye karatasi, si kwenye picha ya simu.

Usikodishe laini. Mtu akikulipa ili apitishe "pesa za gemu" kwenye akaunti yako, amekukodi ubebe mzigo usioujua. Jina lililosajiliwa ni lako.

Ukiombwa kulipa ili ulipwe, simama. "Weka shilingi 1,000 tufungue zawadi yako ya 20,000." Zawadi ya kweli haihitaji kufunguliwa kwa pesa yako.

Kanuni tano za nyumbani

1. Tenga mfuko wa raha. Kabla mwezi haujaanza, amua ni kiasi gani unaweza kupoteza bila mtu yeyote nyumbani kulala njaa. Kikiisha, kimeisha. Usiongeze "kurudisha kilichopotea".

2. Pesa zenye jina haziguswi. Karo, kodi, dawa, mchango wa chama, pesa ya mbegu. Hizo zina wenyewe. Na mkopo wa simu si mtaji wa gemu: deni lina tarehe, lakini tokeni haina ahadi.

3. Toa mtaji wako kwanza. Ukiweka 2,000 na gemu ikaanza kulipa, 2,000 za kwanza zirudi kwenye simu. Baada ya hapo unacheza na faida, na moyo unatulia.

4. Weka saa. Saa moja au mbili, kisha simu chini. Fahali pia hupumzishwa. Hakuna anayempiganisha kila siku.

5. Watoto wacheze kwa raha tu. Mzazi, angalia gemu inayoomba namba ya simu yako, PIN au kununua vitu. Mtoto hajui kwamba "sarafu" za kwenye kioo ni pesa yako ya unga.

Anza na taarifa ya akaunti

Kama tayari unacheza, kuna jambo unaloweza kufanya leo, na halikugharimu muda mwingi. Omba taarifa ya akaunti yako ya miezi mitatu iliyopita. Chukua kalamu mbili. Kwa rangi moja, piga mstari kila mahali pesa ilipotoka kwenda kwenye gemu, tokeni na bando la kuchezea. Kwa rangi nyingine, kila mahali pesa ya gemu ilipoingia. Jumlisha kila rangi peke yake.

Waliofanya hivyo kwa dhati huwa hawahitaji tena ushauri wetu. Wengine hukuta wametumia kiasi kidogo, wamefurahi, na hawana haja ya kubadilisha kitu. Wengine hukuta rangi ya kwanza imejaa ukurasa mzima na ya pili ina mistari miwili. Ukurasa huo haumtukani mtu na haumwambii aache gemu. Unamwonyesha tu kwamba amekuwa akinunua raha huku akiiita kazi, na raha ya bei hiyo huenda akaipata mahali pengine kwa bei nafuu. Uwanja wa Malinya, kwa mfano, uko wazi, na isukuti husikika hata kwa asiye na bando.

Una swali kuhusu muamala usiouelewa, au umepokea ujumbe unaokutia shaka? Usiujibu, na usibonyeze kiungo chochote. Piga huduma kwa wateja kwanza, ukiwa bado na pesa yako mkononi.